Mpaka Injini Ijulikane

Al Khoudh, Omani, 14 Februari 1998

Mwanangu Badr, kitinda mimba wangu,

Salamu zangu zikufikie kabla ya barua yenyewe, na nnamwomba Mungu zikukute umekula na umevaa soksi mbili mbili. Sisi huku wazima. Idi imepita kwa kheri. Dada yako Balqees anaendelea na masomo hapo chuo kikuu, kutoka nyumbani ni dakika tano kwa basi, na bado anakonda kama mtu anayekwenda kwa miguu. Halwa niliyompa yule mke wa jirani akuletee imefika? Kama imefika usiwagawie wote.

Simu usipige. Simu iko sebuleni, na baba yako siku hizi anashinda hapo hapo sebuleni, na jambo lenyewe halisemeki mbele yake. Ndiyo maana naandika, na hati yangu unaijua, vumilia.

Badr, mimi sijui kama ni mke wa baba yako.

Usishtuke. Kaa kitako kwanza. Ntakwambia lilivyokuwa.

Unaijua ile gari yake ya Kimarekani, Kamaro ya mwaka 1969. Tangu alipostaafu wizarani, miaka minne sasa, anaitengeneza, chakula nampelekea uani, anakula mkono mmoja na mkono mwengine ana spana. Sasa imekwisha. Nyekundu, inang'ara, ukipita karibu yake unajiona ushungi umekaa upande. Basi Alkhamisi ile baada ya Idi, alasiri, akawaita watu waje waitazame. Alikuja Bwana Yaqdhan wa Qurum, mwenye gari za kizamani tisa, na Sheikh Zahor wa msikiti wetu, na mjomba wako Hamoud, kaka yangu. Bwana Yaqdhan akaizunguka, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe ya dishdasha, akasema:

"Mashallah, Salem. Lakini injini ni yake? Ile iliyotoka nayo kiwandani?"

"Ni yake," baba yako akasema.

Hamoud akacheka. Si kicheko kikubwa, kicheko cha puani.

"Unacheka nini?"

"Sikucheka. Nna mafua."

"Hamoud, umecheka."

"Basi nimecheka, Salem. Kunywa kahawa yako."

Hapo baba yako akasimama, na yeye akisimama kwa hasira anakuwa mrefu. Akasema mbele ya wote: "Injini hii kama si ile iliyotoka na gari hii, basi Khole bint Nasser talaka moja!"

Mimi n'likuwa nyuma ya pazia na sahani ya sambusa. Nikasikia jina langu, nikadhani naambiwa nizilete. Nikaingia, "Karibuni," na watu wote wakaangalia chini.

Sheikh Zahor kasema neno limeshatoka. Injini ikiwa ni yake, hapana kitu. Ikiwa si yake, talaka moja imeanguka tangu siku ile. Mpaka injini ijulikane, kila mtu chumbani kwake. Nikamwambia baba yako, fungua basi hiyo boneti uangalie. Kasema mtu aliyekwisha kuapa akienda kuangalia, ni kama anajishuku mwenyewe. Lakini kasema hivi, na Sheikh kashuhudia: "Muulizeni Badr. Yuko huko huko gari hizi zilikozaliwa. Atakalosema Badr ntalikubali."

Basi ni juu yako, mwanangu. Niambie ukweli na uniambie upesi. Mimi nalala chumbani kwa Balqees, anasoma na taa imewaka.

Mama yako,
Khole


Lansing, Michigan, 9 Machi 1998

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mkono na paji la uso. Barua yako imechukua wiki mbili kunifikia. Halwa imefika, na nimeigawa kidogo tu. Hapa theluji imefika magotini, asubuhi natumia nusu saa kuifukua gari kabla ya kwenda darasani. Soksi nimevaa.

Nimesikitika sana kwa yaliyotokea. Baba naye! Mama, jambo hili linataka utaratibu. Gari hizi zina namba mbili. Moja iko kwenye kibati chembamba juu ya dashibodi, upande wa dereva, unaisoma kwa nje kupitia kioo cha mbele. Ya pili imegongwa kwenye chuma cha injini yenyewe, mbele, upande wa abiria, chini kidogo. Weka karatasi nyembamba juu yake, usugue kwa penseli, namba itatokea. Niletee zote mbili. Yuko mzee mmoja hapa alifanya kazi kiwandani miaka thalathini, yeye ndiye anayejua kuzisoma. Mimi mwenyewe sijui.

Usiharakishe. Injini ina kona kali, usije ukajikata. Hata ukichukua mwezi si neno.

Mjomba Hamoud kasema chochote zaidi?

Mwanao,
Badr


Al Khoudh, 27 Machi 1998, Ijumaa

Mwanangu Badr,

Nnakuombea joto. Barua yako nimeisoma mara tatu na hiyo theluji imenitia baridi mpaka nikazima kiyoyozi. Huku hatujambo, ila nyumba yetu imekuwa kama kituo cha mpaka. Mimi najifunika mbele ya baba yako, na yeye akitaka kuingia jikoni anabisha hodi. Hatusemeshani ila kwa kupitia Balqees. "Balqees, mwambie baba yako chai tayari." "Balqees, mwambie mama yako nimeiona, iko mbele yangu." Balqees kasema akifeli mwaka huu atatupa sisi karatasi za mtihani tuzitie saini.

Namba nimezipata. Leo wanaume walipokwenda kusali Ijumaa, nikafunga kanga kibwebwe, nikachukua tochi. Boneti ilinitoa jasho, kile kikono cha kufungulia kiko chini ya pua ya gari, nimekitafuta kama mtu anayetafuta sindano. Kibati cha kwenye kioo nimekiandika kama kilivyo. Ya kwenye injini penseli nimetafuta nyumba nzima sikuiona, nyumba ya wasomi hii, basi nikatumia wanja. Nimepaka kwa kidole juu ya karatasi na namba imetoka nyeusi, nzuri, kama jicho. Ipo humu ndani ya bahasha. Nimekuandikia na namba kubwa iliyoko kwenye betri, kwa sababu ndiyo inayosomeka vizuri kuliko zote, huenda mzee wako akaipenda.

Sasa sikiliza balaa. Bado nimeinama, nusu yangu iko ndani ya injini, nikasikia baba yako anakohoa nyuma yangu. Sala imekwisha na mimi sikusikia. Akasimama. Akaangalia ukuta, akasema:

"Balqees, mwambie mama yako boneti ifungwe taratibu, ina rangi mpya."

Balqees mwenyewe yuko bafuni anaoga.

Nikasema, "Balqees, mwambie baba yako mimi nnafunga boneti tangu yeye hajanunua gari." Jambo ambalo si kweli, lakini ndilo lililonijia.

Akasema, "Balqees, muulize mama yako, ameona nini?"

Nikamwambia mimi mambo haya siyajui, asiyesoma asiulizwe, tunamngoja Badr. Akaondoka. Mkono wake aliupitisha juu ya rangi ile akipita, Badr. Nimeuona, ingawa si halali yangu kuuangalia.

Mjomba wako hakusema kitu. Tangu siku ile haji hapa. Ati mafua hayajapona. Mbona umeniuliza?

Mama yako,
Khole


Lansing, 22 Aprili 1998

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mkono. Natumai Idi ya kuchinja imekwenda vizuri. Sisi Waomani wa hapa tulikuwa sita, tulisali katika ukumbi wa mchezo wa mpira wa kikapu, kisha Alaa wa Nizwa akapika wali ukaungua chini na juu ukabaki mbichi, hatujui alifanyaje. Theluji imeyeyuka lakini juzi imeanguka tena. Majani yameanza kuchipua, kuna ndege mmoja mwekundu anakuja dirishani kwangu kila asubuhi. Mitihani iko karibu. Mwalimu wetu wa hesabu kavunjika mguu kwa kuteleza kwenye barafu, sasa anafundisha amekaa.

Namba ya betri ni ya betri, mama. Haisaidii.

Ile ya wanja haionekani vizuri. Na mzee amesafiri kwenda kumtazama binti yake, sijui atarudi lini. Labda tungoje.

Msalimie mjomba Hamoud, nnamwombea mafua yake yapone.

Mwanao,
Badr


Al Khoudh, 1 Mei 1998

Mwanangu Badr,

Salamu. Pole kwa mwalimu wako, mpelekee kitu umtazame, usiende mikono mitupu.

Umeniandikia karatasi nzima ya theluji, ndege na mguu wa mtu, na mistari minne ya injini. Mimi nimekuzaa. Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa unakuja kunisifia nguo yangu. "Mama, kanga yako nzuri." Nilikuwa naamka naenda kutafuta kilichovunjika. Barua yako yote, Badr, ni kanga nzuri.

Ntakwambia hapa tulipofika. Sheikh Zahor kaja jana, kamweleza baba yako. Kama talaka imeanguka, imeanguka tangu siku ya kiapo, na mimi kwa umri wangu eda yangu ni miezi mitatu, basi inakwisha Jumanne ijayo. Kabla ya Jumanne baba yako anaweza kunirejea kwa neno moja mbele ya mashahidi wawili, yakaisha. Ikipita Jumanne anakuwa mtu baki kama Bwana Yaqdhan, akinitaka aje kuposa, kwa walii, na mahari, na ndoa upya. Sheikh akamsihi: "Salem, mrejee tu kwa tahadhari, ikiwa injini ni yake hukupoteza kitu."

Baba yako akasema: "Nikimrejea nimekubali kuwa injini si yake."

Sheikh akasema, "Huyu ni mkeo wa miaka thelathini na tisa!" Baba yako akasema, "Nayo gari hii nnayo miaka ishirini!"

Mimi niko nyuma ya pazia, na safari hii sikubeba kitu, n'likuwa nasikiliza tu. Sikumbembeleza.

Chakula hali vizuri. Jana kasahau, kanisemesha mwenyewe bila Balqees, kaniuliza, "Khole, dawa yangu ya presha iko wapi?" Kisha akakumbuka, akageukia kabati akaliuliza kabati.

Mwanangu, lolote ulilonalo liseme. Kosa lako siliogopi. Nnaogopa kuzeeka nyumba moja na mtu nisiyejua ni nani wangu.

Mama yako,
Khole


Lansing, 17 Mei 1998

Mama,

Nakubusu mkono, na safari hii sistahiki hata huo.

Hakuna mzee wa kiwandani. Yaani yupo, lakini sikumwendea. Hana la kuniambia nisilolijua. Namba sita za mwisho za kwenye kibati na za kwenye injini zinatakiwa ziwe sawa. Haziko sawa. Injini si yake, na aliyeiondoa ni mimi.

Mwaka 1993, wewe na baba mlipokwenda Hija, nilichukua funguo nikaenda na wenzangu pwani ya Yiti. Barabara ile ya milimani ilikuwa bado ya vumbi. Kupanda, mpira wa maji ya kupoza injini ukapasuka. Badala ya kusimama nikaona tufike tu, tukaoge. Tulifika. Injini ikapiga kelele moja, ikafunga. Chuma chake kilipasuka, mama, nilikiona kwa macho yangu. Nilikaa pembeni ya barabara nikalia na nguo za kuogelea.

Nilimpigia mjomba Hamoud kutoka dukani. Alikuja na pikapu yake, akaivuta gari mpaka kwa fundi mmoja huko Wadi Kabir, wakapata injini ya aina ile ile kutoka kwenye Kamaro nyengine iliyopata ajali huko Barka. Mliporudi na maji ya Zamzam gari ilikuwa pale pale uani na nimeirushia vumbi juu. Ile injini ya asili iliuzwa chuma chakavu. Mjomba aliniapia hatasema, na hakusema. Alicheka tu.

Barua ya kusema injini ni yake nimeiandika mara tatu. Ingekuwa rahisi, baba angefurahi, na wewe ungerudi chumbani kwako. Mara zote tatu nimeichana, kwa sababu ningekuwa nimewaweka nyinyi wawili katika haramu kwa mkono wangu, ili mimi nisigombezwe. Lakini kuwaambia kweli pia niliogopa, nikangoja, nikaandika habari za ndege. Sasa nimehesabu tarehe. Eda imepita. Mimi ndiye niliyemwachisha mama yangu.

Hizi likizo tatu nilizosema siji nyumbani, nna kazi, sikuwa na kazi. Nilijua baba anaitengeneza ile gari, na siwezi kusimama karibu yake nikaisifia.

Mpe baba barua hii aisome.

Badr


Al Khoudh, 12 Juni 1998

Mwanangu Badr, mwanangu,

Kwanza kula. Nnajua hujala tangu ulipoitia barua ile posta. Sisi wazima, Balqees kafaulu, joto limefika pahala pake na tende za mwanzo zimeingia sokoni, ntakuwekea.

Barua yako ilisomwa sebuleni na Sheikh Zahor kwa sauti, mbele ya baba yako. Ilipofika kwenye nguo za kuogelea Sheikh aliisoma haraka haraka. Baba yako akasimama. Akatoka akaenda uani, akafungua boneti, akavaa miwani, akaangalia ile namba kwa mara ya kwanza. Alikaa chini kwenye saruji na dishdasha yake safi, akalia. Sijui alinililia mimi au injini, sikumuuliza. Kisha akaingia ndani akasema, "Badr asitie mguu nyumba hii." Nikamjibu, bila ya Balqees, kwa kuwa sasa hapakuwa na shaka tena mimi ni nani: "Bwana Salem, mimi ni mwanamke baki humu, siwezi kukaa." Nikafunga mkoba, Balqees akanipeleka kwa Hamoud.

Mjomba wako mafua yamepona siku hiyo hiyo. Na unajua baba yangu keshafariki, basi walii wangu ni Hamoud. Baba yako alikaa siku tisa. Siku ya kumi akaja kuposa, na bakhuri, na kilemba kipya. Nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi kidogo. Hamoud kamweka nusu saa bila ya kahawa. Kisha akamuuliza, uso mkavu:

"Unafanya kazi gani?"

"Hamoud, wacha upuuzi."

"Namuozesha dada yangu, nna haki ya kuuliza. Unafanya kazi gani?"

"Nimestaafu."

"Gari unayo?"

Hapo ndipo kahawa ikaletwa. Hamoud akamwambia, "Kunywa kahawa yako, Salem." Nnadhani walitaka kupigana, lakini wakacheka, wote wawili, vibaya, mpaka mke wa Hamoud akaja kutazama.

Sasa na mimi nna langu la kukwambia. Wewe unajiona umeniachisha kwa kuchelewa. Badr, mimi namba zile niliziona siku ile ile ya wanja. Hukuniambia cha kuangalia, lakini nimekwenda darasa la nne, tarakimu nnazijua, na mtu akiambiwa kuna namba mbili za kitu kimoja anaangalia kama zinafanana. Hazifanani hata mwisho wake. Ilikuwa mwezi wa tatu, eda ina siku arubaini mbele. Ningemwambia baba yako pale pale kwenye boneti, angenirejea kwa neno moja, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. Nikasema asiyesoma asiulizwe. Nikangoja. Mungu anisamehe, nilikuwa nakuhimiza wewe na huku nahesabu siku.

Kwa sababu n'liozwa nna miaka kumi na tano. Kule kwetu Unguja, baba yangu alikwenda msikitini akarudi akaniambia, "Nimekuozesha." Salem nilimwona siku ya saba. Sikujuta, usije ukadhani, ni mtu mwema yule, na hata siku moja hakuninyanyulia sauti kabla ya hiyo Kamaro. Lakini hakuna aliyeniuliza. Na mimi nilisoma chuo cha Kurani kuwa mwari akinyamaza karidhika, ila mwanamke aliyekwisha kuolewa, lazima atamke mwenyewe.

Basi Alkhamisi iliyopita, nyumbani kwa Hamoud, mashahidi wawili wakaja mlangoni kwangu, Sheikh Zahor na Bwana Yaqdhan wa Qurum. Wakaniuliza: "Khole bint Nasser, umeridhia kuolewa na Salem?" Nikawaambia ngojeni. Nikakaa kwenye kitanda, nikajitazama kwenye kioo, nikajifunga ushungi vizuri. Nikamsikia baba yako huko sebuleni anauliza, "Kasemaje?" Hamoud akamwambia, "Bado anafikiri." "Anafikiri nini?" "Salem, kaa chini." Akasimama, nikamsikia anatembea. Wallahi Badr, miaka thelathini na tisa nimemngoja mtu huyu, na chakula, na chai, na nguo, na wizara, na spana. Ilikuwa dakika tano tu. Zilikuwa tamu.

Kisha nikasema nimeridhia, kwa sauti, mpaka jirani wakapiga vigelegele.

Mahari umeshajua? Baba yako alidhani ntataka dhahabu. Nimetaka Kamaro. Bwana Yaqdhan alikohoa, baba yako akawa mweupe, lakini akasema amekubali. Imeandikwa katika hati ya ndoa, rangi na mwaka na namba zote mbili, ya kibati na ya injini, Bwana Yaqdhan kaziandika mwenyewe asije mtu akaapa tena. Sasa akitaka kuifungua boneti ananiomba ruhusa. Akiomba usiku, nampa asubuhi.

Jana tukinywa chai nikamwambia: "Salem, gari ni ya nani?" Akasema, "Yako." "Na injini iliyoharibiwa ni ya gari ya nani?" Akaona ninakokwenda, akajimiminia chai nyengine. Nikamwambia, aliyedhulumiwa basi ni mimi, mwenye haki ya kukasirika ni mimi, na mimi nshamsamehe mwanangu, wewe hasira zako unazitoa wapi juu ya gari ya mtu?

Akamaliza kikombe kizima. Akasema, "Kisheria ni kweli."

Kata tiketi, Badr.

Mama yako,
Khole